Mama Kinanda, Anayewasemea Wanawake wa Mbali

Saa tatu asubuhi kitambaa chekundu kinatundikwa kwenye geti la nyumba moja ya matofali, na ng'ambo ya barabara fundi wa kuchomelea anazima mashine yake ya kukatia vyuma. Anavua miwani ya kazi, anavuta kigoda, anaagiza chai. Hakuna aliyemwambia neno. Anajua tu kwamba kitambaa kile kikionekana, ndani kuna mtu anaongea, na kelele zake zitamharibia.

Ndani, mlango umefungwa. Feni imezimwa, jokofu limechomolewa ili lisingurume. Kuta zimezibwa kwa magodoro ya zamani, moja la maua ya bluu, jingine limechanika ubavuni na sponji inachungulia. Mwanamke wa makamo amesimama mbele ya kipaza sauti, amevua viatu. Kwenye skrini ndogo iliyo mbele yake, mwanamke mwingine, wa nchi ya theluji, amening'inia juu ya nguzo ya umeme akikaza nyaya, pumzi ikimtoka kama moshi.

Yule wa kwenye skrini anafungua mdomo. Huyu wa chumbani anafungua wake.

"Mama yangu aliniambia nitafute kazi ya kukaa," anasema kwa Kiswahili, sauti nzito, shwari, yenye kicheko kilichobanwa kwa ndani. "Nami nimekaa. Tazama nilivyokaa huku juu."

Upande wa pili wa kioo fundi wa sauti anainua kidole gumba. Ni mwanamume mwenye mvi na kofia ya sufi ambayo haivuliwi hata jua likiwaka vipi. Mwanamke anashusha pumzi, kisha anashusha visigino. Kumbe muda wote huo alikuwa amesimama kwa ncha za vidole, kana kwamba naye yuko juu ya nguzo.

Mtaani wanamwita Mama Kinanda. Si kwamba ana mtoto wa jina hilo. Mtoto wake ni mmoja, binti aliye sekondari, na binti huyo hataki hata kusikia habari ya kuitwa Kinanda. Jina limetokana na sauti, na sauti ndiyo kazi.

Kikundi kidogo cha akina mama hupata filamu za maisha halisi kutoka pande zote za dunia: wanawake wanaodai ujira sawa na wa wanaume, wasichana waliokataa kuozwa, wavuja jasho wa viwandani, mabaharia, wachimba madini, wafungwa. Mtafsiri wa kikundi, msichana mwenye miwani na kicheko cha haraka, huyaweka maneno yao kwa Kiswahili. Mama Kinanda huyasema. Kisha filamu huzungushwa masokoni, mashuleni, kwenye magereza ya wanawake, na kwenye kliniki ambako wajawazito husubiri zamu zao asubuhi nzima.

"Mpaka leo nimekuwa wanawake zaidi ya arobaini," anasema akijifuta jasho kwa ncha ya kanga. Chumba bila feni ni tanuri. "Nimekuwa nahodha. Nimekuwa mfungwa. Siku moja nilikuwa mama na binti yake wanagombana, nikajibizana peke yangu mpaka fundi akaniuliza kama niko salama."

Filamu moja humpa karibu nusu ya mshahara wa mwezi wa mpiga pasi hotelini. Analinganisha hivyo kwa sababu kupiga pasi ndiyo kazi yake nyingine. Filamu haziji kila mwezi, kwa hiyo siku tatu za juma bado yuko kwenye chumba cha kufulia cha hoteli, ananyoosha mashuka. Hajioni kama mtu wa kuhurumiwa.

"Siwezi kukwambia nimetajirika," anasema. "Lakini ukiniuliza ninadaiwa shukrani na nani, hapo tutafute mkeka tukae kitako, maana ni habari ndefu."

Habari hiyo inaanzia kwenye nyumba ya vyumba vinne.

Marehemu mumewe alikuwa mwashi. Alijengea watu wengine siku sita za juma, na siku ya saba alijenga kwake. Yeye alikuwa saidia fundi wa mumewe: alichota maji, alichanganya udongo, alifyatua matofali na kuyafunika kwa nyasi yasipasuke kwa jua. Mimba ilipokuwa kubwa, mumewe alimkataza kuinama, naye akawa anafyatua amekaa. Mama mkwe wake, mwanamke mfupi asiyepungukiwa na maneno, alihamia kwao kuta zilipofika kwenye linta, juu ya madirisha, na ndiye aliyekuwa akipika huku akiwakosoa wote wawili. Ukuta huu umepinda. Dirisha hilo dogo, mnamfungia nani humo? Walicheka sana wakati ule.

Binti alipokuwa ameanza darasa la kwanza, mumewe alianguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi. Asubuhi alitoka mzima wa afya, mchana akaletwa na wenzake.

Kabla machozi hayajakauka, shemeji yake mkubwa, kaka wa marehemu, alianza kuja mara kwa mara na kupima vyumba kwa macho. Halafu ikafika siku Mama Kinanda alirudi na mtoto kutoka kliniki akakuta geti lina kufuli jipya. Shemeji alizungumza naye akiwa ndani. Alimweleza, bila kupandisha sauti, kwamba nyumba ni ya ukoo, kwamba yeye bado kijana na ataolewa kwingine, na kwamba hakuna haja ya kuwapa majirani la kuzungumza. Vitu vyake vilikuwa tayari barazani kwa jirani: sufuria, magunia mawili ya nguo, na picha ya harusi imegeuzwa uso chini.

Mama mkwe alikuwa amekaa barazani mwake, ndani ya geti, anapepeta mchele. Walitazamana kupitia nondo. Kisha mama mkwe akauinamia ungo.

"Kufuli halikuniuma," anasema Mama Kinanda. "Kufuli ni chuma, kinafunga yeyote. Kilichoniuma ni mama kuinamia ungo. Huyo ndiye aliyempokea mwanangu mikononi alipozaliwa. Nilisema, kama naye ameona sawa, basi mimi ni nani wa kubisha."

Hakubisha. Alifunga virago, akapanga chumba kimoja na kuanza kazi hotelini. Mashine za kufulia pale zilinguruma kutwa, na anayetaka kuomba sabuni ilibidi aipigie kelele kutoka tumboni. Wenzake walipenda awasimulie mambo wakati wa kukunja mashuka. Alikuwa na namna ya kumwiga kila mtu, kuanzia meneja hadi mgeni aliyedai mto wake unanuka samaki. Waliokuwa na huzuni walivunjika mbavu. Yeye mwenyewe, akifika chumbani kwake, alinyamaza mpaka kesho yake.

Kikundi cha filamu kilifika hotelini wakati wa mapumziko ya mchana, kwa ruhusa ya meneja. Walitundika shuka jeupe kati ya mabomba mawili, wakawasha projekta. Filamu ilihusu wafanyakazi wa ndani wa nchi fulani waliounda chama chao. Maneno yalikuwa ya lugha ngeni, na Kiswahili kilipita chini kwa maandishi madogo, yakikimbia. Waliokaa nyuma wakaanza kuulizana anasema nini, anasema nini yule.

Mama Kinanda alianza kuwasomea wenzake wawili waliokuwa jirani naye. Wa tatu akamwambia apandishe sauti. Akapandisha. Mwanzoni alisoma kama mtu anayesoma tangazo. Halafu mama mmoja kwenye filamu akaanza kulia huku anacheka, na hapo, anasema, maandishi yakapotea, akabaki yule mama.

"Watu wengi wakisoma unasikia kusoma," anasema fundi wa sauti, ambaye siku hiyo alikuwa amekuja na spika. "Yeye nilipomsikia niligeuka kumtafuta mtu aliyeingia." Alizima maongezi ya filamu, akapita katikati ya madumu na vikapu vya nguo chafu, akamkabidhi kipaza sauti. Mama Kinanda alikishika kama mtu aliyepewa mtoto wa mwenzake.

Ndivyo alivyoingia kwenye chumba cha magodoro. Fundi wa sauti alimfundisha kupumua bila kusikika, kutokula karanga kabla ya kazi, kumsubiri mwenye maneno yake aanze ndipo amfuate. Mtafsiri alimzoesha kudai. Kama sentensi haikai mdomoni, alimwambia, usiimeze, nirudishie niibadilishe. Anakumbuka kwamba hakuwahi kuambiwa hivyo kazini: kama kitu hakikukai, sema.

Filamu za mwanzo zilikwenda vizuri. Kisha ikaja ya mama wa kondoo.

Ilitoka nchi ya milima na baridi, ambako mjane mmoja mfugaji alikuwa ametolewa nyumbani kwake na ndugu za mumewe. Kwa miaka mingi alilala kwenye banda pamoja na mifugo wake huku akienda na kurudi mahakamani. Hakuwa msemaji. Sehemu kubwa ya filamu alikuwa akitembea tu nyuma ya kondoo, upepo unamvuta shali. Mwishoni, baada ya kushinda, anasimama mbele ya geti la nyumba yake, kundi zima limejaa nyuma yake, na mtu asiyeonekana anamuuliza kama amekuja kuomba wamfungulie. Mama yule anamjibu: "Siombi kuingia. Narudi kwangu."

Mama Kinanda alifika hapo, akafungua mdomo, sauti isitoke.

Fundi alirudisha picha nyuma. Mara ya pili sauti ilitoka nusu. Mara ya tatu aliweka mkono kwenye koo, akasema kuna donge, akaomba maji. Fundi wa sauti hakumharakisha. Alizima mashine zote, akachomeka jokofu, akawasha feni, akamimina chai ya chupa. Kitambaa getini wakakiondoa ili fundi wa kuchomelea aendelee na kazi zake. Wakanywa wote watatu, pamoja na mtafsiri, chuma kikilia nje.

Mtafsiri ndiye aliyeuliza. Aliuliza polepole, akiitazama chai yake.

"Na wewe, dada, ulirudi?"

Hakuwahi kuwaambia kitu. Mtafsiri anasema alibahatisha tu, kwa sababu ameshaona watu wakikwama kwenye maneno mengi, ila kukwama kwa namna ile, mkono kooni, ni kwa mtu ambaye maneno ni yake. Mama Kinanda aliwaambia yote: matofali, jukwaa, kufuli, ungo. Alipomaliza, fundi wa sauti alivua kofia yake ya sufi. Ilikuwa mara ya kwanza kwa wote wawili kumwona bila kofia, na kwa kuwa kichwa kilikuwa na upara mtupu katikati, Mama Kinanda aliyekuwa akilia akajikuta anacheka.

Wakamwambia kuna msaidizi wa kisheria, mwanamke anayefanya kazi na kikundi, hatozi kitu, anaweza kumwona hata kesho. Alikubali, ila kwa sharti. Amalize kwanza filamu.

"Nilisema siwezi kumwacha yule mama pale getini," anaeleza. "Amesota miaka yote hiyo, afike mlangoni halafu mimi ndiye nimwangushe?"

Alisimama tena, akavua viatu. Feni ikazimwa. Safari hii maneno yalitoka mara moja tu, chini kuliko alivyozoea, na ndiyo yaliyobaki kwenye filamu mpaka leo.

Kesi ilipelekwa kwenye baraza la ardhi. Msaidizi wa kisheria hakumdanganya: shemeji alikuwa na watu wawili wa kushuhudia kwamba nyumba ilijengwa kwa mchango wa familia, wakati yeye alikuwa na jirani mmoja tu aliyehamia nyumba ikiwa imeshaezekwa. Baraza likapanga siku ya kumalizia ushahidi. Mama Kinanda alirudi kwenye mashuka yake, moyo juu juu. Binti yake, ambaye wakati huo alikuwa na umri wa kuelewa kila kitu, alimuuliza kama watashindwa. Akamjibu kwamba wakishindwa watakuwa pale pale walipo, na hapo walipo wanakula na wanalala.

Katikati ya kungoja huko, kikundi kilipeleka filamu ya mama wa kondoo kwenye ukumbi wa shule, mchana, katika mtaa ule ule wa nyumba yenye kufuli. Mkurugenzi wa kikundi anasema ilikuwa zamu ya mtaa huo na hakuna aliyekusudia lolote. Fundi wa sauti ana mashaka. Anasema aliyepanga zamu mwezi huo ni mtafsiri. Mtafsiri akiulizwa huanza kusafisha miwani.

Miongoni mwa waliokwenda alikuwemo mama mkwe. Alichukuliwa na majirani, na kwa maelezo yake mwenyewe alikwenda kwa sababu ya soda.

Leo mama mkwe ana miaka themanini na kitu, amekula chumvi nyingi na bado anazungumza kwa kasi ya mtu anayechelewa. Anasema mwanzoni aliona kondoo tu, akasema moyoni, jamani, tumeitwa kuangalia kondoo. Kisha mama wa kwenye filamu akazungumza.

"Niligeuka kushoto, nikageuka kulia," anasema. "Nikamuuliza jirani, mkaza mwanangu amekaa wapi? Nimemsikia. Jirani akaniambia mama tulia, hakuna mtu, ni filamu. Nikamwambia sauti ile nimekaa nayo nyumba moja, huwezi kunidanganya. Nikasikiliza. Akasema analala na mifugo. Akasema mama wa mumewe alimwona anatolewa akageuza uso."

Hapo mama mkwe anakifunga upya kitambaa chake cha kichwa.

"Yule mama wa mbali sijui ni nani," anaendelea. "Lakini aliyekuwa anasema na mimi alikuwa mtoto wangu. Sikunywa ile soda."

Siku ya baraza Mama Kinanda alifika mapema na msaidizi wake, wakakaa kwenye benchi la mbele. Shemeji alikuwa upande wa pili na mashahidi wake, amevaa shati lililopigwa pasi vizuri. Mama Kinanda anakiri kwamba aliikagua kola kwanza kabla hajakumbuka kuogopa. Mwenyekiti wa baraza, mwanamke mwenye sauti kavu, alikuwa amekwisha kuwasikiliza wale wawili na anauliza kama kuna mwingine, mlango ulipofunguliwa. Mama mkwe aliingia peke yake. Shemeji alisimama haraka kumpisha akae upande wake. Mama mkwe akampita.

Alimwomba mwenyekiti radhi kwa kuchelewa, akasema amekaa kimya siku nyingi mpaka mdomo umeota kutu, kwa hiyo wamvumilie. Kisha akasema maneno ambayo msaidizi wa kisheria anaweza kuyarudia hata sasa, maana anasema hajapata ushahidi mfupi kama ule.

"Matofali ya nyumba ile yalifyatuliwa na watu wawili. Mmoja nimemzaa mimi, yuko kaburini. Mwingine ni yule pale kwenye benchi. Wa tatu sikumwona, na mimi ndiye niliyekuwa nawapikia."

Akamgeukia mwanawe mkubwa. Hakumfokea. Alimwambia kwamba ni mtoto wake na atabaki kuwa mtoto wake, lakini nyumba si yake na anajua si yake.

Shemeji aliinama, akaanza kufungua na kufunga kifungo cha shati. Mwenyekiti alipomuuliza kama ana la kuongeza, alitikisa kichwa.

Baraza liliamua kwamba nyumba ni ya mjane na binti yake, na shemeji akapewa mwezi mmoja kuwahamisha wapangaji aliowaweka. Aliwahamisha kabla mwezi haujaisha.

Mama Kinanda hakuwepo siku ufunguo ulipotolewa. Alikuwa zamu hotelini, mbele yake kuna mlima wa mashuka. Mvuke ulikuwa umejaa chumba kizima, na wenzake wanasema waliona kwanza kitambaa cha kichwa kikija chini chini kati ya mashine, kwa sababu mama mkwe ni mfupi. Hakuwahi kufika pale. Alikuwa ameuliza njia kwa kila mlinzi. Mmoja wa wafua nguo akazima mashine kubwa, na kwa mara ya kwanza katikati ya zamu, Mama Kinanda alisikia chumba kile kikiwa kimya.

Mama mkwe aliuweka ufunguo juu ya meza ya kupigia pasi.

"Mkaza mwanangu," alisema, "mchukue mtoto twende nyumbani."

Hakuomba msamaha kwa maneno, na Mama Kinanda anasema hakuyangoja. Mtu wa umri ule kuvuka mji mzima na kuingia kwenye mvuke ule, kwake hilo lilitosha. Yeye alimwambia, "Mama, nisubiri nimalizie shuka hili." Wenzake wakamnyang'anya pasi mkononi na kumsukuma mlangoni.

Ni miaka minne sasa tangu siku hiyo. Wanaishi watatu kwenye nyumba ya vyumba vinne. Mama mkwe bado anasema dirisha la jikoni ni dogo, na mwaka jana Mama Kinanda alilipa fundi alipanue. Lilipopanuliwa, mama mkwe akasema sasa linaingiza vumbi.

Shemeji alikata mguu kwa karibu mwaka mzima. Kisha akaanza kuja Jumapili kumjulia hali mama yake. Mara nyingi hukaa barazani, haingii ndani. Mama Kinanda humwekea chai. Wanasalimiana, wanaulizana habari za watoto, basi. Akiulizwa kama amemsamehe, hufikiri kwanza. Anasema hajui kama kilichomo moyoni ndicho watu wanachokiita kusamehe, ila akimwona anakuja hafungi mlango, na chai anammiminia, na kwa hayo anamshukuru Mungu.

Wa kuwashukuru ni wengi. Yupo fundi wa sauti, aliyezima mashine bila kumuuliza muda. Yupo mtafsiri, na lile swali lake. Yupo msaidizi wa kisheria, ambaye kila mwezi ana wajane wapya mlangoni na bado anakumbuka jina la kila mtoto. Wapo wenzake wa hotelini, ambao akichelewa kurekodi hushika zamu yake na kumwambia meneja kwamba yuko msalani. Mkurugenzi wa kikundi anasema hakuna filamu inayowachelewesha kufunga ukumbi kama ile ya kondoo. Ikiisha, wanawake hubaki wamekaa. Mmoja huinua mkono kuuliza kuhusu mtu anayemfahamu, dada wa rafiki yake, na kila mtu hujua kwamba dada wa rafiki ni yeye mwenyewe.

"Mimi nilidhani ninawasaidia wale wanawake wa mbali, maana hawajui Kiswahili," anasema Mama Kinanda. "Kumbe wao ndio waliokuwa wananifundisha kusema. Nilikuwa na sauti kubwa ya kuombea sabuni. Ya kudai kwangu sikuwa nayo."

Alasiri hii kitambaa chekundu kinatundikwa tena. Fundi wa kuchomelea ng'ambo analalamika kwa utani kwamba leo atakunywa chai mpaka avimbe, lakini mashine anazima. Filamu inayofuata inamhusu bibi mmoja aliyejifunza kuendesha baiskeli uzeeni, kwa sababu kituo cha kupigia kura kiko mbali na wanawe waliokuwa wakimpeleka walitaka kumchagulia wa kumpigia. Kikundi kilikosa sauti ya kikongwe. Mama Kinanda alijaribu kuizeesha yake, fundi akamwambia anasikika kama mtu mwenye mafua.

Kwa hiyo aliyesimama mbele ya kipaza sauti leo, juu ya kreti la soda lililogeuzwa ili afikie, ni mama mkwe.

Hajui kusoma. Amevaa hedifoni juu ya kitambaa cha kichwa, na Mama Kinanda, aliyekaa pembeni ya fundi, anamsomea kila sentensi kwa sauti ya chini ili airudie. Kazi inakwenda polepole kwa sababu mama mkwe hakubaliani na maandishi. Sentensi moja imeandikwa, "Wanangu walinikasirikia." Anaondoa hedifoni. Anasema bibi yule hawezi kusema hivyo, mtu aliyeanguka kwenye baiskeli mara zote zile hazungumzi kistaarabu namna hiyo. Mtafsiri anauliza angesemaje. "Wanangu walinuna," anasema mama mkwe, "nami nikawaacha wanune." Mtafsiri anakata ya kwake, anaandika hiyo.

Inabaki sehemu ya kucheka. Bibi wa kwenye filamu anafika kituoni, anaegemeza baiskeli ukutani, anamwangalia mpiga picha na kuangua kicheko. Mama mkwe anasema hawezi kucheka kwa kuagizwa. Anajaribu, kinatoka kikohozi. Mama Kinanda anaukaribia mdomo wa kipaza sauti cha upande wake na kumnong'oneza kitu ambacho hapana mwingine anayekisikia. Mama mkwe anaanza kutikisika mabega, kisha anacheka mpaka anashika ukuta wa magodoro, na fundi anainua vidole gumba vyote viwili.

Mpango wa Mama Kinanda sasa ni kubadilisha upande. Kikundi kimekubali kutengeneza filamu yao wenyewe, ya wanawake wa chumba cha kufulia, na meneja wa hoteli ameridhia. Yeye ndiye atakayeuliza maswali. Kamera wameazima, wataanza mwezi ujao, na wenzake wameshaanza kugombania nani ataonekana akiwa kwenye mashine kubwa. Ikikamilika itatumwa nje, kwa wale wale wanaowaletea filamu, nao wataipeleka watakakoweza.

Anatamani ifike kwenye nchi ya milima na baridi. Anafikiri mama wa kondoo bado yuko hai, maana kwenye filamu hakuwa mzee. Hana anwani yake na hawajui hata wangeanzia wapi kumtafuta. Lakini anaiona siku hiyo: ukumbi wa mbali, watu wa makoti mazito, na mama yule amekaa katikati yao.

Anaulizwa angemwambia nini kama angepata dakika moja ya kuzungumza naye. Hafikirii sana.

"Asante," anasema. "Nitamwambia kwa Kiswahili changu hiki hiki. Wa kumtafsiria hatakosekana."